Kuba ya Florence na Chungu cha Mkisi

Kuba ya kanisa kuu la Florence ilijengwa bila kiunzi cha mbao cha kuibeba kutoka chini. Filippo Brunelleschi alianza kazi mwaka 1420, na mwaka 1436 kuba ikafungwa juu. Upana wake unakaribia mita 45, imekaa juu ya kuta zenye pembe nane, na mpaka leo inatajwa kuwa kubwa kuliko kuba zote za matofali duniani. Desturi ya mafundi wa wakati ule ilikuwa kusimamisha kwanza umbo zima la mbao, kupanga matofali juu yake, kisha kuzitoa mbao chokaa ikishashika. Kwa upana na kimo kile, ingebidi msitu mzima uingizwe kanisani. Brunelleschi akapanda kwa pete. Kila mzunguko wa matofali ulipokamilika ulijishika wenyewe, kwa sababu tofali lililotaka kuangukia ndani lilibanwa na wenzake wa kushoto na kulia. Ili yasiteleze kabla mzunguko haujakamilika, alisimamisha wima matofali kadhaa kila baada ya hatua, yakipanda kwa mshazari kama miba ya samaki. Nayaeleza haya kwa sababu nina dai ambalo wengi wa kwetu hawatalipokea mara moja: kanuni iliyoisimamisha kuba ile si ngeni kwenye barabara inayotoka Makambako kwenda Manda, na makanisa Katoliki yanayojengwa katika njia hiyo yangeweza kuitumia kwa faida kubwa kuliko yanavyotumia bati.

Makambako ni mji wa njia panda. Reli ya TAZARA inapita hapo, na barabara ya Songea inaachana na ile ya Mbeya na kushika kusini. Kutoka hapo ardhi inapanda mpaka Njombe, mji wa baridi na ukungu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wenye mashamba ya chai, viazi, parachichi na miti ya kupandwa. Ni nchi ya misheni. Walutheri wako Kidugala, Wabenediktini Uwemba, masista Wabenediktini Imiliwaha. Ukiingia wilaya ya Ludewa unakutana na Wakatoliki Lugarawa na Waanglikana Milo, kabla barabara haijaanza kuteremka Milima ya Livingstone. Mteremko huo ndio unaobadilisha kila kitu. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, na Manda, kwenye mdomo wa Mto Ruhuhu, ni mahali pa joto, pa mihogo na dagaa, pa meli inayotoka Itungi kwenda Mbamba Bay. Wajerumani walipaita Wiedhafen. Katika safari hii yote, kuanzia baridi mpaka joto, jengo la ibada linajirudia karibu vilevile: kuta ndefu za matofali, kenchi za mbao, bati juu, mnara mbele kama fedha imetosha. Mtu aliyebuni jengo kwa ajili ya Njombe hakuwa akifikiria Manda, na aliyebuni kwa ajili ya Manda amenakili Njombe.

Kitu kinachostahili kutazamwa kwa karibu njiani ni tanuri la matofali. Udongo wa bondeni unakandwa kwa miguu, unafyatuliwa kwenye kibao, matofali yanaanikwa chini ya nyasi ili jua lisiyapasue, kisha yanapangwa kuwa rundo lenye kimo cha mtu au zaidi. Chini ya rundo inaachwa midomo ya kuingizia kuni. Hapo ndipo pa kuinama na kuchungulia. Juu ya kila mdomo, mstari wa matofali unachomoza kidogo kuliko ulio chini yake, upande huu na upande ule, mpaka pande mbili zinakutana na kuubeba mzigo wote wa juu, bila mbao, bila chuma, bila hata udongo wa kuunganishia. Rundo linakandikwa tope kwa nje na moto unawashwa usiku na mchana. Yakishaiva, mfyatuaji anayapakua na kuyauza, na ule mdomo unatoweka pamoja na rundo. Fundi mjuzi atasema kwamba hilo si tao kamili, kwa kuwa matofali yake yamelala na hayaelekei kitovu kimoja. Ni kweli. Lakini aliyelipanga anajua jambo ambalo mchoraji wa ramani mjini mara nyingi hulisahau: tofali linaweza kuvuka nafasi tupu, likipangwa kwa akili. Ujuzi huo uko katika vijiji vingi vya Njombe na Ludewa, na kila msimu unabomolewa ili uende kujenga ukuta wa kawaida ulionyooka.

Wamisionari waliujua uzito wa tofali. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walianzisha Peramiho mwaka 1898. Misheni ikachomwa wakati wa Vita vya Maji Maji, ikajengwa upya, na kanisa kubwa la abasia likakamilika 1948. Mtindo wake unarudi nyuma ya Florence, kwenye makanisa ya kale ya Ulaya yenye kuta nene na matao ya mviringo. Mwambao wa ziwa ulikuwa wa Waanglikana wa misheni ya UMCA, na wao walijenga Likoma, kati ya 1903 na 1911, kanisa kuu lenye urefu wa karibu mita 100 kwenye kisiwa kidogo. Misheni hiyohiyo ilikuwa imekwisha kujenga Zanzibar, kuanzia 1873, kanisa ambalo Askofu Edward Steere aliliezeka kwa dari ya mviringo kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, iliyomiminwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Wengi waliogopa kwamba itaanguka. Haijaanguka. Nawataja hawa kwa sababu walithubutu kulifunika kanisa kwa kitu kizito na cha kudumu, au walau kuyaacha matao yafanye kazi ya matao. Waliowafuata walirithi kuta zao na kuuacha ujasiri. Leo tao juu ya dirisha mara nyingi ni pambo la plasta lililobandikwa juu ya zege lenye nondo.

Kwa nini paa liwe hoja ya imani? Kwa sababu ibada ya Kikatoliki ni neno na wimbo, na bati linavipiga vita vyote viwili. Mvua za Njombe hazina aibu. Zikipiga bati lisilo na dari, mahubiri yanasimama, na waumini wanasubiri wakitazamana. Ziwani adui ni jua: kufikia saa nne asubuhi joto la bati limeshuka mpaka kwenye mabenchi, na Misa ya Jumapili haijafika kwenye vipaji. Tofali lililochomwa halifanyi hivyo. Linachelewa kupata moto na linachelewa kupoa, na mvua juu yake ni mnong'ono. Kisha kuna mwanga. Kanisa la bati linapata mwanga wake ubavuni, kwenye madirisha, kwa hiyo macho ya watu yanavutwa nje, kwenye barabara na kwenye mbuzi. Kuba inapokea mwanga juu na kuushusha katikati. Brunelleschi na waliomfuata hawakuitaka kuba kwa ajili ya ukubwa tu. Waliitaka kwa sababu inamwambia mtu, bila maandishi, mahali pa kutazama.

Sasa nije kwenye chungu. Wakisi wanaishi kaskazini ya Manda, kwenye mwambao unaobanwa kati ya milima na maji, na vyungu vya wanawake wao vinajulikana mbali. Kutoka kijiji cha Ikombe husafirishwa kwa mitumbwi mpaka soko la Matema. Chungu cha Mkisi hakina kona wala kitako bapa. Kinafinyangwa kwa mkono, ukuta wake unakwanguliwa mpaka unakuwa mwembamba kuliko mtu anavyotarajia kwa ukubwa ule, unasuguliwa ukalainika, unapakwa rangi nyekundu ya udongo na kuchorwa nakshi nyeupe begani. Kigeuze kichwa chini: hiyo ni kuba. Wala silisemi kwa kulinganisha maumbo tu. Ukuta ule mwembamba unabeba kwa sababu umepinda pande zote mbili, kwa kimo na kwa mzunguko, hivyo uzito ukisukuma mahali pamoja unagawanywa kwenda kila upande. Chungu kingekuwa na pembe kama sanduku, ingebidi ukuta wake uwe mnene mara kadhaa, na bado moto ungekipasua kwenye pembe. Mfinyanzi wa Ikombe na mwashi wa Florence wamefikia jibu moja kwa swali moja: namna ya kufanya udongo mchache ubebe mzigo mkubwa.

Kuba ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo nao unafahamika huku juu. Uzito unaposhuka, miguu ya kuba hutaka kutanuka. Mahindi ndani ya kihenge hufanya vivyo hivyo: yanasukuma nje, na kinachoyazuia ni mianzi iliyosukwa kuzunguka, pete juu ya pete. Ikilegea ya chini, kihenge kinapasuka. Brunelleschi aliificha ndani ya ukuta wa kuba minyororo ya mawe yaliyofungwa kwa chuma, na mmoja wa mbao. Kuba ya Mtakatifu Petro kule Roma, aliyoibuni Michelangelo na kukamilishwa mwaka 1590 na Giacomo della Porta, nayo ilijengwa na minyororo ndani yake, lakini haikutosha. Nyufa zilianza kupanda kutoka chini, na katika miaka ya 1740, baada ya uchunguzi wa mwanahisabati Giovanni Poleni, minyororo mipya ya chuma ilizungushwa. Msusi wa kihenge angeuelewa ushauri wa Poleni bila mkalimani.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba kuba si yetu. Litakuja kwa sura mbili zinazopingana. Mmoja atasema ni ya Wazungu, na kwamba tumechoka kuinakili Roma. Mwingine atasema ni ya msikiti. Mkatoliki wa kijijini akiona kuba juu ya kanisa atauliza limebadilishwa lini. Huyu wa pili ana historia upande wake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulikuwa na kuba za matumbawe na chokaa tangu karne ya 14, yaani kabla Brunelleschi hajazaliwa mwaka 1377, na ile kubwa kuliko zote, yenye upana wa karibu mita 5, haikupata mpinzani Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Hata neno kuba tumelipata kwa Kiarabu. Lakini hapo ndipo sura ya kwanza ya pingamizi inapoivunja ya pili. Kitu ambacho Pantheon ya Roma ilikuwa nacho karne ya 2 kwa ajili ya miungu, Hagia Sophia ikawa nacho mwaka 537 kwa ajili ya Kristo, na Kilwa ikawa nacho kwa ajili ya Uislamu, hakiwezi kuitwa mali ya mmoja wao. Na Mtanzania akitafuta kuba ya zamani ndani ya mipaka ya nchi yake mwenyewe, ataikuta Kilwa, karne kabla ya Florence. Ninayempinga kweli ni mwigaji: anayetengeneza kuba ya bati lililopinda au ya zege jembamba lililopakwa rangi, ikae juu ya paa la kenchi bila kubeba chochote na bila kufunguka ndani. Hiyo ni kofia. Ukiwa ndani ya kanisa huijui kama ipo.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, na sitalipita kwa haraka. Parokia yenye vigango vingi inachangishana kwa magunia ya mahindi. Atakayesimama mbele yao na mchoro wa Florence anastahili kurudishwa nyumbani. Ila hesabu ifanywe yote. Bati, misumari, na mara nyingi mbao za kenchi zilizopigwa dawa zinanunuliwa mjini na fedha yake haibaki kijijini. Tofali linafyatuliwa hapohapo, na ujira wake unaingia mfuko wa jirani. Kuni za kuchomea ni tatizo la kweli, kwa maana tanuri linakula miti. Lakini Njombe ni nchi iliyopanda miti kwa wingi, na ndiyo maana nasema jambo hili lianzie huku na si mahali palipokwisha kuwa peupe. Kinachobaki ni ukubwa. Sidai mita 45. Kuba ya mita 5 au 6 juu ya altare, kama ile ya Kilwa, inatosha kuubadilisha moyo wa jengo, na sehemu ya waumini inaweza kuendelea na paa la kawaida.

Hapa mhandisi ataniambia tuko kwenye Bonde la Ufa, na kwamba matofali mazito juu ya vichwa vya watu mahali penye matetemeko ni kamari. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Tofali la kijijini haliwi sawa: la karibu na moto limeiva, la pembezoni mwa tanuri ni bichi na linamomonyoka kwa kucha. Kuba ikijengwa bila kuyachambua, au bila pete madhubuti ya zege na nondo kwenye kitako chake, afadhali isijengwe kabisa. Lakini hoja yake inaipiga kuba nzito zaidi kuliko kuba nyepesi, na tena inaupiga zaidi mnara. Mnara mrefu, mwembamba, wa matofali yasiyofungwa, uliosimama mbele ya mlango wanakopita watoto, ndio unaopaswa kumnyima usingizi, na huo tunaujenga kila mwaka bila kuulizana.

Kuna jambo la ibada ambalo linanivutia kuliko haya ya ufundi. Mwaka 1506 Donato Bramante alianza kanisa jipya la Mtakatifu Petro kwa wazo la jengo lenye mikono minne iliyo sawa, kuba katikati, watu pande zote. Karne moja baadaye Carlo Maderno aliagizwa kurefusha upande mmoja, kwa kuwa makasisi walitaka nafasi ya maandamano na ya umati. Matokeo yake, anayesimama uwanjani karibu na mlango anaiona kuba nusu tu, imemezwa na ukuta wa mbele. Wengi huulaumu urefu huo. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki, na mabishano yao yanatuhusu. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) padre anawaelekea watu, na maana ya watu kuizunguka meza imepata nguvu, kwa hiyo duara la Bramante linastahili kusikilizwa. Wakati huohuo Misa ya kwetu ina njia ndefu. Vipaji vinapelekwa kwa kucheza: mikungu ya ndizi, kuku, debe la mahindi, akina mama wakisonga hatua mbili mbele na moja nyuma, kayamba na ngoma zikiwasukuma. Wimbo ule unahitaji korido. Ukiuondoa urefu, umeiua sehemu ya ibada ambayo hakuna mmisionari aliyetuletea. Ndiyo maana nataka vyote viwili: njia ndefu, na mwishoni mwake duara lenye mwanga, ili anayecheza awe na mahali anakokwenda.

Na ndani ya duara hilo kichorwe nini? Florence inatoa onyo. Giorgio Vasari na baada yake Federico Zuccari waliichora ndani ya kuba ya Brunelleschi picha ya Hukumu ya Mwisho, kati ya 1572 na 1579, watu kwa mamia, mashetani na mawingu. Wapo watu wa Florence wa wakati uleule waliotaka ipakwe chokaa. Nawaelewa. Umbo lililofikiriwa kwa hesabu kali vile lilifunikwa na zogo, na jicho likanyimwa raha ya kuona jinsi linavyofunga. Makanisa yetu mengi yana ugonjwa mdogo wa jamii hiyo: ukuta wa nyuma ya altare wenye anga la buluu la rangi ya mafuta, njiwa, na miale. Wachoraji wake wana imani, sina ugomvi na imani yao. Lakini kuba ya matofali mekundu, iliyoachwa wazi ndani, yenye mkanda mmoja wa nakshi nyeupe za Kikisi kwenye bega lake, pale ambapo mfinyanzi huziweka kwenye chungu, ingekuwa imechorwa na wenye nchi kwa mkono wao. Nakshi zile ni mistari na pembetatu. Hazishindani na umbo, zinaonyesha tu mahali linapoanza kupinda.

Mwangwi ndio udhaifu ambao siwezi kuukana. Kuba hurudisha sauti: kwaya inainuliwa, lakini msomaji wa somo la kwanza anatatizika, maneno yake yakigongana hewani. Dawa moja ya kale ya mwangwi ni chungu. Katika makanisa kadhaa ya Ulaya ya enzi za kati vyungu vilizikwa kwenye kuta na dari, midomo ikiachwa wazi, kwa nia ya kuitengeneza sauti. Warumi walikuwa na sababu nyingine ya kutia vyombo vya udongo ndani ya zege: kupunguza uzito. Kaburi la Helena, mama yake Konstantino, lilijengwa hivyo, na mpaka leo mtaa ule wa Roma unaitwa Tor Pignattara, jina linalotokana na vyungu. Kule Ravenna, kanisa la San Vitale lililotabarukiwa mwaka 547 lina kuba ya mirija ya udongo wa kuchoma, mitupu ndani, iliyochomekwa mmoja kwenye mwingine mzunguko kwa mzunguko, nyepesi kiasi kwamba kuta zake hazikuhitaji kunenepa. Kazi iliyoanza kwa mwashi iliishia kwa mfinyanzi. Mhandisi wetu wa Bonde la Ufa alitaka wepesi. Msomaji wa somo la kwanza alitaka sauti itulizwe. Kwa kuba ndogo ya Manda, vyungu hivyo viagizwe Ikombe, vidogo vya kupikia mboga, vyembamba kadiri mfinyanzi anavyoweza, visafirishwe na maji kama vinavyosafirishwa sikuzote. Vya mizunguko ya juu vifunikwe kwa vigae na kuzibwa kwa chokaa, vipunguze uzito. Vya chini, juu kidogo ya mkanda wa nakshi, viachwe midomo wazi kuelekea ndani.